Jinsi kijiji kinavyoweza kushirikiana kudhibiti nzi wa matunda kwenye maembe

Mkulima wa maembe anayepambana na nzi wa matunda peke yake anajaza maji kwenye pakacha, hata akiwa na fedha za kununua kila dawa iliyomo dukani. Nzi anayesumbua zaidi katika ukanda wetu, ambaye wataalamu humwita Bactrocera dorsalis, alitoka Asia, akatambuliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika nchini Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo akapatikana Tanzania. Kwa miaka kadhaa aliandikwa kwa jina la Bactrocera invadens, mpaka wataalamu walipokubaliana mwaka 2015 kwamba ni yuleyule wa Asia. Msomaji akilikuta jina hilo katika vijitabu vya zamani vya ugani asidhani kwamba ni mdudu mwingine.

Jike hutoboa ganda la tunda linaloelekea kuiva na kutaga mayai chini yake. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi tatu, na mabuu, ambao wengi wetu tunawaita funza, hula nyama ya tunda kwa wiki moja au zaidi kidogo, kisha hutoka na kujichimbia ardhini sentimita chache tu, ambako hugeuka pupa; siku kumi au kumi na mbili baadaye hutoka nzi kamili mwenye uwezo wa kuruka kutoka shamba moja hadi jingine bila kujali mpaka wala hati. Maana yake ni kwamba dawa inayopuliziwa juu ya mti haimfikii funza aliyemo ndani ya tunda wala pupa aliyemo ardhini, na kwamba embe moja linalooza chini ya mti wa jirani asiyejali linaweza kuzalisha nzi wa kutosha kuharibu mavuno ya mtu aliyefanya kila alichoelekezwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kijiji cha ukanda wa pwani ya Tanzania, kama vile vya Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo au Muheza, ambako msimu mkubwa wa maembe huwa kati ya Novemba na Februari. Msomaji wa Kenya au wa kwingineko atabadilisha majina ya ofisi na miezi, lakini mpangilio wa kazi ni uleule. Matayarisho yaanze Agosti, kwa kuwa kijiji kinachoanza kuitana vikao wakati maembe yameshaanza kudondoka kimeshachelewa kwa msimu huo.

Hatua ya kwanza: tayarisheni ndoo ya ushahidi

Katika vikao vingi vya kilimo nilivyohudhuria, nusu ya kwanza ya kikao huisha kwa ubishi kuhusu chanzo cha funza. Wapo wanaosema funza huletwa na mvua, wapo wanaosema huingia kwenye tunda tangu likiwa ua, na wapo wanaoamini kwamba dawa iliyopuliziwa na jirani ndiyo iliyowafukuzia wadudu wake kwao. Ubishi huo haumalizwi kwa maneno ya bwana shamba. Unamalizwa kwa ndoo.

Chukueni ndoo ya plastiki ya lita 20, tieni mchanga uliochekechwa wenye unyevu kidogo hadi kina cha vidole vinne, kisha juu yake pangeni vijiti vya kushikilia matunda yasigusane na mchanga. Wekeni matunda kumi yaliyookotwa chini ya miti, yawe maembe ya msimu mdogo au mapera, funikeni mdomo wa ndoo kwa kipande cha chandarua kisicho na tundu na kukikaza kwa mpira wa baiskeli, halafu iwekeni ndoo kivulini. Baada ya siku kumi hivi, chekecheni mchanga kwa uangalifu na mtaona pupa wa rangi ya kahawia, wafupi na wanene kuliko punje ya mchele. Wahesabuni, andikeni idadi yao, warudisheni mchangani na kufunika tena. Wiki moja au zaidi baadaye chandarua kitakuwa na nzi wanaotembea upande wa ndani, wenye mistari ya njano mgongoni na mabawa maangavu, wasiofanana na nzi wa chooni wala na wale wadogo wanaozunguka ndizi mbivu.

Ndoo hiyo ipelekwe mkutanoni ikiwa imefungwa, ipitishwe mkono kwa mkono, na karani ataje idadi ya matunda yaliyowekwa na idadi ya nzi waliotoka. Mtu aliyeona nzi wakitoka katika embe la shamba lake mwenyewe hahitaji kuelezwa tena kwa nini anaombwa kuokota. Baada ya mkutano ndoo ifungwe ndani ya mfuko mzito na kuachwa juani mpaka nzi wote wafe. Msiifungue kwa udadisi.

Hatua ya pili: chorani ramani ya miti, si ya mashamba

Ramani ya mashamba huonyesha wamiliki, na wamiliki ndio watakaokuja mkutanoni bila ya kulazimishwa. Nzi hawafuati wamiliki, hufuata matunda, na sehemu kubwa ya matunda yanayowalisha hayamo kwenye mashamba ya maembe. Wakati wa miezi isiyo na maembe nzi huyu huishi kwenye mapera, mastafeli, miti ya mng'ongo iliyoko porini na, kwa watu wa pwani, kwenye mikungu. Mkungu hupandwa kwa ajili ya kivuli shuleni, msikitini, zahanati na mbele ya ofisi ya kijiji, na kungu zake zilizotapakaa chini hazihesabiwi na mtu yeyote kuwa ni zao. Nadiriki kusema kwamba katika baadhi ya vijiji kitalu kikubwa cha nzi wa matunda kimo ndani ya uwanja wa shule.

Watu wanne au watano, akiwemo kijana mmoja anayejua kutumia simu kuweka alama za mahali, wazunguke kitongoji kwa kitongoji na kuandika kila mti unaozaa matunda yanayoshambuliwa, nani anauangalia, na kama kuna mtu anayeokota chini yake. Waandike pia mahali wachuuzi wanapopangia matenga na kuchambua maembe kabla ya kupakia kwenye gari, kwa sababu maembe yaliyokataliwa huachwa hapohapo, na lundo la namna hiyo kando ya barabara linaweza kuwa na funza wengi kuliko shamba zima.

Hatua ya tatu: orodhesheni wadau kwa kazi, si kwa vyeo

Neno wadau limechoka kwa kutumiwa vibaya. Mara nyingi linamaanisha watu waliokaa meza ya mbele, wakatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, wakapewa posho na kuondoka. Kwa mwongozo huu, mdau ni mtu ambaye kuna jambo moja asipolifanya nzi wataongezeka, au akilifanya watapungua. Asiye na jambo kama hilo ni mgeni, na akaribishwe kama mgeni.

Kwa kipimo hicho, orodha itakuwa na wakulima wenye miti, walinzi wa mashamba ya watu wanaoishi mjini, wachuuzi na madalali, mwenye duka la pembejeo, mwalimu mkuu, viongozi wa msikiti na kanisa, afisa ugani wa kata, mtendaji wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji. Nje ya kijiji kuna halmashauri ya wilaya, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo inafanya kazi chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na taasisi za utafiti kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au icipe ya Nairobi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitafiti nzi huyu. Mtafiti akija kuomba kufanya majaribio kijijini mpokeeni, lakini kwa sharti kwamba matokeo yatarudishwa kwenu kwa Kiswahili kabla ya msimu unaofuata.

Kabla ya kuitisha mkutano, ongeeni na kila mmoja peke yake, na mtumie muda mwingi zaidi kwa wanunuzi wa miti. Katika vijiji vingi vya pwani mwenye mti huuza matunda yangali machanga, au hata yangali maua, kwa mchuuzi anayelipia mti mzima. Tangu siku hiyo tunda lililoanguka huwa halina mwenyewe: mwenye mti anasema ameshauza, na mnunuzi anasema alinunua maembe mazuri, hakununua uoza. Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika, na hakuna semina inayoweza kutibu jambo ambalo asili yake ni mkataba wenye pengo. Dawa yake ni kuongeza kifungu kwenye makubaliano ya kuuziana, hata kama makubaliano hayo ni karatasi moja ya daftari iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Kifungu kinaweza kuandikwa hivi:

"Mnunuzi ataokota matunda yote yaliyoanguka chini ya miti aliyonunua mara mbili kwa wiki, kuanzia siku ya malipo hadi siku ya mwisho ya kuvuna, na kuyapeleka kwenye shimo la kitongoji. Asipofanya hivyo, mwenye mti atamlipa mwokotaji, na gharama itakatwa kwenye amana ambayo mnunuzi ameiacha kwa mwenyekiti wa kitongoji."

Wanunuzi watalalamika kuhusu amana. Waelezwe kwamba kijiji kizima kinadai sharti lilelile, hivyo hakuna mchuuzi atakayezidiwa na mwenzake kwa kulikubali, na kwamba asiyelikubali hatapata mti wa kununua. Sharti hili lina nguvu pale tu ambapo wenye miti wote wamesimama pamoja.

Hatua ya nne: fikieni makubaliano yenye nguvu ya sheria ndogo

Hiari inatosha kwa msimu wa kwanza. Kwa msimu wa pili anayeona jirani yake hafanyi kitu naye ataacha, na kwa sababu hiyo ni vyema makubaliano yawe sheria ndogo mapema. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo: wanakijiji hukutanishwa kutoa maoni yao, halmashauri ya kijiji huipitisha, na halmashauri ya wilaya huiidhinisha ndipo ianze kutumika. Mchakato huo huchukua muda, kwa hiyo rasimu ianze kuandikwa mara tu baada ya mkutano wa kwanza.

Rasimu iwe fupi. Iseme kwamba kila anayemiliki, anayekodi au anayeangalia mti wa matunda ana wajibu wa kuokota na kuharibu matunda yaliyoanguka. Iseme mara ngapi kwa wiki. Iseme ni nani anayekagua. Na itaje faini ambayo mtu wa kawaida anaweza kuilipa, kwa sababu faini kubwa mno haitozwi kamwe. Kwa mwenye shamba anayeishi Dar es Salaam na kuonekana kijijini wakati wa sikukuu tu, sheria iruhusu kijiji kuokota kwa niaba yake na kumdai gharama. Wengi wao hulipa bila ugomvi wakipigiwa simu na kutumiwa picha ya hali ilivyo chini ya miti yao.

Hatua ya tano: usafi wa shamba, ambao ndio kiini cha kazi

Hatua nyingine zote zikifanikiwa na hii ikashindikana, fedha zimepotea. Hii ikifanikiwa hata kama nyingine zitalegalega, kijiji kitaona tofauti. Kanuni ni kuokota kila tunda lililoanguka, pamoja na lile lililoko mtini lenye dalili za kudungwa, kabla funza hawajatoka. Mara mbili kwa wiki ndicho kiwango cha chini. Wakati maembe yanapoiva kwa wingi, kila baada ya siku moja ni bora zaidi.

Kuokota bila kuharibu ni kuwahamisha funza tu, na kutupa maembe kwenye rundo la mbolea ni kuwapa nyumba yenye joto. Njia ya kwanza ya kuyaharibu ni kuyazika: shimo liwe na kina cha kutosha ili tunda la juu kabisa lifunikwe na udongo usiopungua nusu mita, na udongo huo ushindiliwe. Wachimbaji wengi huchoka mapema na kufunika kwa udongo wa kiganja kimoja, na nzi hupenya. Njia ya pili ni kuyafungia matunda ndani ya nailoni nyeusi na kuyaacha kwenye jua kali kwa siku kadhaa mpaka funza wafe kwa joto. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017, tumieni nailoni nene ya kipande kimoja, ambayo kingo zake hukandamizwa kwa mawe au udongo na ambayo inaweza kutumika tena na tena. Njia ya tatu ni kulisha mifugo. Mbuzi na ng'ombe hula maembe kwa furaha, ila yaliwe siku ileile, yasilale juu ya ardhi tupu ya zizi.

Njia ya nne inastahili maelezo zaidi kwa sababu inaleta faida ya ziada. Ni hema dogo la turubai lililofungwa pande zote mpaka ardhini, lenye kidirisha cha wavu juu. Matunda huingizwa kwa mlango unaofungwa kwa zipu. Nzi wanaozaliwa humo hawawezi kupenya wavu na hufa, lakini nyigu wadogo sana, ambao hutaga mayai yao ndani ya mayai au mabuu ya nzi na kuwaua, ni wembamba kiasi cha kupita kwenye wavu na kurudi shambani kuendelea na kazi. Icipe ilileta nyigu wa aina hiyo kutoka Hawaii na kuwaachia katika maeneo ya maembe. Ukubwa wa matundu ya wavu ndio siri ya hema hili, kwa hiyo mshoneaji asikisie. Pateni kipimo kwa afisa ugani au kwa watafiti. Hema moja kwa kundi la kaya zinazopakana linatosha, nalo lipewe mtu mmoja wa kulisimamia kwa jina lake, kwa kuwa hema la wote baada ya mwezi huwa limechanika na halina wa kulaumiwa.

Shuleni, kazi ya kuokota kungu na mapera iwekwe kwenye ratiba ya usafi wa asubuhi ambao wanafunzi tayari wanaufanya, na shule ichimbiwe shimo na wazazi. Isiwe adhabu. Mwanafunzi aliyepewa ndoo ya ushahidi darasani atakwenda kumfundisha babu yake nyumbani kuliko afisa yeyote awezavyo.

Hatua ya sita: mitego na hesabu

Mitego ina kazi mbili zinazochanganywa mara kwa mara: kupima na kuua. Kivutio kinachotumika zaidi, methili yujenoli, huwavuta madume wa nzi huyu peke yao, na hakiwavuti nzi wa asili wa Afrika wa jamii ya Ceratitis, ambao nao hushambulia maembe. Mkulima mmoja anayetega madume shambani kwake atajaza chupa na kufurahi, ilhali majike waliokwisha kupandwa katika mashamba ya jirani wanaendelea kuingia na kutaga. Kuua madume kunafaa pale tu kunapofanywa katika eneo pana na kwa wakati mmoja. Kwa kijiji kinachoanza, mitego michache ya kupimia, mitano au sita kwa kitongoji, ina thamani kubwa kuliko mingi isiyosomwa na mtu.

Mtego wa kienyeji hutengenezwa kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyotobolewa matundu manne ya upana wa kidole karibu na shingo. Ndani huning'inizwa pamba yenye kivutio, na chini huwekwa maji yenye sabuni kidogo. Mwenye kushika kivutio avae glavu. Tundikeni chupa kivulini, ndani ya matawi, kwenye urefu wa kifua au kichwa, na mpake grisi kwenye waya ili sisimizi wasishuke kula nzi waliokufa na kuharibu hesabu. Pamba ibadilishwe kila baada ya wiki nne hadi sita.

Kila Jumamosi, kwa mfano, karani wa kitongoji ahesabu nzi waliomo na kugawa kwa idadi ya mitego, kisha kwa idadi ya siku. Mitego mitano ikiwa na nzi 210 baada ya siku 7, hesabu ni 210 gawanya kwa 5, inakuwa 42, gawanya kwa 7, inakuwa 6: nzi 6 kwa mtego kwa siku. Namba hiyo iandikwe kwenye ubao ulioko nje ya ofisi ya kijiji, kitongoji kwa kitongoji. Ushindani mdogo unaozaliwa na ubao huo hufanya kazi kuliko barua za karani. Hata hivyo namba ikishuka msilale, kwa kuwa mtego hauhesabu majike. Linganisheni kila mara na idadi ya maembe yenye funza katika matunda kumi yaliyokatwa.

Hatua ya saba: chambo cha protini, dawa, na majimoto

Jike anahitaji protini kabla ya kutaga, na udhaifu huo ndio unaotumiwa na chambo cha protini. Chambo huchanganywa na kiasi kidogo cha kiuatilifu na kupuliziwa kama madoa upande wa chini wa majani, sehemu ya takriban mita moja ya mraba kwa kila mti, kila wiki, tangu matunda yakiwa bado madogo mpaka mwisho wa mavuno. Hakipuliziwi kwenye matunda. Dawa inayotumika ni ndogo mno ikilinganishwa na kupulizia mti mzima, jambo linalowanusuru nyuki, nyigu na mfuko wa mkulima.

Mwenye duka la pembejeo ndiye atakayeamua kama hatua hii itafuatwa, kwa sababu mkulima mwenye haraka humwuliza yeye, hamtafuti afisa ugani. Ahakikishiwe mauzo: kijiji kiagize chambo kwake kwa pamoja mwezi Septemba, naye akubali kuacha kuuza "dawa ya kila mdudu" kwa ajili ya maembe. Afisa ugani na karani wakague lebo pamoja, wathibitishe kwamba bidhaa imesajiliwa na mamlaka ya nchi, na wabandike dukani siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Kazi ya kupulizia wapewe vijana wachache waliofundishwa na wenye mavazi ya kujikinga, walipwe kwa mti. Kila kaya ikijipulizia kwa siku yake, nzi watahama tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kuhusu majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wakulima wa korosho wanawajua kama walinzi dhidi ya wadudu wanaofyonza. Utafiti uliofanywa Benin ulionyesha kwamba kwenye maembe pia hupunguza mashambulizi ya nzi, kwa kuwawinda na kwa harufu wanayoiacha juu ya tunda, ambayo jike haipendi. Wavunaji hawawapendi, na kwa haki. Majivu mikononi na miguuni husaidia kiasi. Mwenye miti yenye majimoto asiipulizie dawa.

Hatua ya nane: lifungeni soko ndani ya mpango

Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe katika soko la Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi huyu, na haikurudi mpaka mwaka 2021, baada ya kazi ndefu ya kudhibiti maeneo ya uzalishaji na kutumia maji ya moto kutibu matunda. Kijiji chenu huenda hakiuzi Ulaya, lakini mnunuzi wa Kariakoo naye hufungua tenga na kukata embe moja kabla ya kutaja bei.

Kubalianeni na madalali kuhusu siku za kuvuna, ili maembe yavunwe yakiwa yamekomaa na bado magumu, kabla ya kufikia ulaini unaomvutia jike zaidi. Kila kituo cha kupakia kiwe na shimo au hema lake, na gari lisiondoke mpaka maembe yaliyokataliwa yameingizwa humo. Ushuru wa kupakia unaotozwa na kijiji uwe ndiyo fimbo ya kusimamia hilo. Kwa maembe mazuri yaliyozidi, tafuteni mapema mnunuzi wa kukausha au kutengeneza juisi, kwa sababu embe lisilo na soko ndilo linaloachwa mtini mpaka lidondoke.

Hatua ya tisa: fedha na daftari

Michango ihesabiwe kwa mti, isiwe sawa kwa kila kaya. Mwenye miti mia tatu hawezi kutoa sawa na bibi mwenye miti minne nyuma ya nyumba. Akaunti iwe na watia sahihi watatu, mmoja wao akiwa mwanamke anayelima na si mke wa kiongozi, na matumizi yasomwe hadharani kila mwezi wakati wa msimu. Mfadhili akijitokeza, aombwe vitu vinavyobaki, kama mahema na mafunzo ya wapuliziaji, kuliko chambo cha bure, kwa sababu kijiji kilichozoea chambo cha bure hakitakinunua siku mradi utakapoondoka.

Hatua ya kumi: mapitio na miezi ya katikati

Mwishoni mwa Machi, matunda ya mwisho yakiwa yameisha, kamati inayosimamia kazi hii ikae na daftari tatu mezani: la mitego, la matunda yaliyokatwa na la mauzo. Wapitie kitongoji kimoja kimoja na kutafuta ni wiki gani namba ilipanda na nini kilikuwa kimesimama wiki mbili au tatu kabla yake. Mara nyingi watakuta sikukuu, msiba mkubwa au mvua iliyozuia uokotaji. Wachuuzi na mwenye duka wawepo, wakosoe na wakosolewe.

Mitego ya mapera na mikungu isiondolewe. Ibaki ikisomwa mara moja kwa mwezi, na shule iendelee na ratiba yake ya usafi hata katika miezi ambayo hakuna anayewaza maembe. Karani mpya akichaguliwa, akabidhiwe daftari jipya ambalo ukurasa wake wa kwanza tayari umeandikwa hesabu ya Machi, ili Agosti ikifika awe na namba ya kuanzia.